Kapteni wa Boti ya Madamu

Mume wangu alikufa Jumanne asubuhi, wodini, wakati mimi nimeshuka chini kumtafutia chai. Niliporudi nilikuta kitanda kimezungushiwa pazia, na nesi akanipokea kikombe mkononi kabla sijauliza neno. Mapafu yalikuwa yameshindwa. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyeninyanyua sakafuni, na ndiye aliyebeba begi la marehemu lenye nguo, miwani na simu. Hilo naliandika kwanza, kwa sababu baada ya hapo sina jema lake la kuandika, nami sipendi kumdhulumu mtu.

Mume wangu alikuwa kapteni. Ujana wake wote aliumalizia bandarini, kwenye boti za kuvuta meli. Kabla hajaugua alikuwa amepata kazi mpya, kuwa kapteni wa boti kubwa ya starehe iliyokuwa ikiundwa ng'ambo. Mwenye boti alikuwa mwanamke tajiri tuliyezoea kumwita Madamu. Aliishi mji mwingine, na mazungumzo yao yote yalikuwa ya simu. Alitaka mtu na mkewe: mume aendeshe, mke apike, na wote wawili wakae humohumo botini. Hakuwahi kutuona kwa macho. Tungeonana siku boti ikifika.

Viti vya kukodi vya msiba vilikuwa bado vimepangwa uani simu ya marehemu ilipolia. Shemeji akaipokea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasikia sauti ya mwanamke ikiita, "Kapteni?" Shemeji akanipa mgongo, akasema, "Ndiyo, Madamu."

Sauti zao zilifanana, hasa kwenye simu. Hata mimi nilikuwa nikiwachanganya.

"Mbona hukumwambia?" nilimuuliza alipokata.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Simu alibaki nayo yeye, na kila ilipolia alitoka nje kuzungumza. Halafu jioni moja, wiki iliyofuata, akaja chumbani kwangu pamoja na mama mkwe. Mama mkwe akakaa kitandani, upande aliokuwa akilala mwanawe.

"Boti inafika Alhamisi," shemeji alisema. "Nitaipokea mimi."

"Kwa jina la nani?"

"Jina ni la ukoo, shemeji. Si lako."

"Jina la ukoo chukua. Lake mwenyewe liache."

Mama mkwe akaingilia. "Mwanangu mmoja ameshaenda. Huyu mwingine ameachishwa kazi na ana watoto. Unataka naye nimzike? Ni siku moja tu. Akishaona boti yake imefika salama, huyo mwanamke hatajali tena nani ni nani."

"Na mimi nimwambie huyu ni mume wangu?"

"Usiseme kitu. Nani kakuomba hotuba? Simama pembeni yake, tabasamu kidogo, shika mkoba. Wanawake wangapi wanafanya hivyohivyo na waume zao wenyewe!"

Shemeji akacheka. Mimi sikucheka.

"Nyumba hii ni yangu," mama mkwe akaendelea. "Anayekaa humu anasimama na watu wa humu. Ukiona hutaki, mlango unaujua."

"Kaka hahitaji kazi tena," shemeji alisema, sasa bila kucheka. "Mimi naihitaji. Au unaona bora iende kwa mtu baki?"

Kuendesha alikuwa anajua. Na mimi sikuwa na chumba kingine zaidi ya kile.

Alhamisi tulifika gatini mapema. Madamu alikuwa ametuma sare, shati jeupe lenye alama za kapteni mabegani, lililoshonwa kwa vipimo vya mume wangu. Mume wangu alikuwa mwembamba. Shemeji ana tumbo, na vifungo vilikuwa vinapigania roho zao.

"Vua hicho kitambaa cheusi," aliniambia kabla hatujapita lango. "Unataka aulize nani kafa?"

Nikakivua kichwani, nikakitia mkobani.

Boti ilikuwa juu ya meli ya mizigo, imekalishwa kwenye fremu ya chuma na kufungwa plastiki nyeupe kutoka juu hadi chini, kama friji lililotoka dukani. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, ndefu kupita nyumba ya mama mkwe. Madamu tulimkuta ameshafika. Alikuwa mama mfupi aliyevaa raba na kofia ngumu ya njano, na alikuwa anagombana na kila aliyekuwa karibu naye.

"Kapteni!" Akamtazama shemeji juu hadi chini. "Mimi nilidhani ni mwembamba. Sauti yako ni ya mtu mwembamba."

"Mke wangu anapika sana, Madamu," shemeji alisema, na akaniwekea mkono begani.

"Toa mkono," nilimwambia chinichini Madamu alipogeuka.

"Tabasamu."

"Toa mkono wako."

"Ukiniharibia hapa, leo hulali ndani. Tabasamu."

Wafanyakazi walianza kuikata plastiki kwa visu vifupi. Madamu alipanda na kuizunguka boti, akiipapasa ubavuni kama mtu anayetafuta kosa, na akalipata. "Mkwaruzo! Nani kaikwaruza boti yangu? Kabla haijashuka mmeshaikwaruza?"

Msimamizi wa kreni, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, akalamba kidole, akafuta. Mkwaruzo ukatoka. "Vumbi, Madamu."

"Usiipake mate boti yangu."

"Basi nikurudishie mkwaruzo wako?"

Wenzake walicheka, Madamu akafura. Shemeji, badala ya kunyamaza, akamfokea msimamizi aheshimu mwenye mali. Msimamizi akamtazama yale mabega yenye alama, akashuka kwenye tumbo. "Sawa, Kapteni. Shati lisikupasukie tu hapa, tutashtakiwa."

Wakapitisha mikanda miwili mipana chini ya boti, mmoja mbele na mwingine nyuma. Filimbi ikalia, kreni ikainyanyua, ikaipitisha juu ya vichwa vyetu, na kuiteremsha polepole hadi ikagusa maji. Mikanda haikufunguliwa. Kapteni alipaswa aingie kwanza, afunue sakafu na kuangalia kama kuna mahali panapovuja. Akiona pakavu, anaashiria, mikanda inatolewa na boti inakuwa imepokelewa. Akiona maji, inanyanyuliwa tena.

Tulishuka kwa ngazi watu watatu, shemeji, Madamu na mimi. Shemeji akafunua vifuniko vya sakafu chumba cha injini, akamulika kwa tochi. Hapakuwa na hata tone. Alipotaka kupanda kutoa ishara, Madamu akamshika mkono.

"Ngoja. Kwanza muone chumba chenu."

Kilikuwa mbele kabisa, kidogo, kabati moja, dirisha la duara, kitanda kimoja. Bado kilinukia gundi.

"Kitanda nimekiongezea upana kama ulivyoniomba," Madamu alimwambia shemeji. "Wale wa kiwandani walinung'unika sana. Niliwaambia kapteni wangu amesema mkewe anajigeuza usiku."

Sikujua kama mume wangu aliomba hivyo. Hakuniambia. Nilishika ukingo wa mlango.

"Huyu?" shemeji akasema. "Anajigeuza kama samaki kikaangoni, Madamu. Mimi naamkia sakafuni."

Madamu akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na kile kikohozi chako? Mara ya mwisho ile ulikohoa mpaka nikakata simu mwenyewe. Nikasema huyu kapteni wangu atanifia kabla boti haijafika."

"Mafua tu yale, Madamu. Yalipita."

Nilikuwa nimevumilia shati. Nilikuwa nimevumilia mkono begani na samaki kikaangoni. Lakini kile kikohozi nilikijua mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwinua akae, usiku kucha, ili apate hewa.

"Hayakupita," nikasema.

Shemeji akageuka. "Mke wangu amechoka, Madamu. Safari ya asubuhi—"

"Mimi si mke wako. Madamu, kapteni wako amekufa. Alikufa hospitali kwa kikohozi hichohicho. Huyu ni mdogo wake."

Madamu alikaa kwenye kile kitanda.

"Alikufa lini?"

Nikamwambia.

"Kwa hiyo siku zile zote napiga simu..." Akamgeukia shemeji. "Ulikuwa unaniitikia kwa jina la maiti?"

"Madamu, naomba unisikilize. Nimefanya kazi naye boti moja. Chochote alichojua yeye—"

"Toka kwenye boti yangu."

"Madamu, nina watoto."

"Na shati langu uliache."

Alilivua palepale. Kifungo kimoja kikaanguka sakafuni. Akapanda ngazi kwa fulana. Mimi nikafikiri Madamu ataniambia neno, labda pole. Aliniangalia kama alivyouangalia ule mkwaruzo.

"Na wewe uliyekuwa umesimama hapo na mkoba wako. Asubuhi nzima. Toka."

Nikatoka. Hakunionea, maana ni kweli nilisimama.

Gatini msimamizi alikuwa ameshika filimbi. "Kapteni ni nani sasa? Nitoe mikanda au niirudishe juu?"

Madamu akajibu kutoka chini, kwa sauti ya kukwaruza: "Ishike hapohapo!" Tulipotoka langoni boti ilikuwa bado imeshikwa na mikanda, majini lakini haijaachiwa.

"Umefurahi?" shemeji aliniambia barabarani. Watu walikuwa wanamtazama, mtu mzima mwenye fulana na suruali tu. "Umepata nini? Hebu niambie, umepata nini?"

"Alikufa," nilisema. "Nataka kila mtu ajue kwamba alikufa."

"Tunajua alikufa! Nilimbeba! Mikono hii!" Akanionyesha, karibu na uso wangu. Kisha akavuka barabara, na hatukurudi pamoja.

Nilipofika nyumbani nilikuta vitu vyangu korido, mama mkwe amenifungia chumba. Alikuwa ameshapigiwa simu. Alisema maneno mengi, mengine sitayaandika. Baadaye jirani alimsihi, akakubali nilale jikoni hadi nitakapopata pa kwenda.

Nasikia Madamu amepata kapteni mwingine na mkewe. Shemeji bado anatafuta kazi. Tukipishana uani anashika upande wake, na mimi wangu. Jumamosi dada yangu anakuja na pikapu ya kuazima. Nahamia kwake.