Benchi la Kliniki ya Macho

Nilichoona kwanza ni vidole. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walikuwa wakivigeuza mapajani: juu, kulia, chini, kushoto. Nikaacha kudeki, nikafuata macho yao. Ubao wa kupimia, wenye herufi moja iliyogeuzwa huku na huku, ulikuwa ukutani mbele yao. Kila mmoja alikuwa akikariri majibu ya aliyemtangulia.

Mpimaji alikuwa Msomi, kijana wa kujitolea aliyemaliza sekondari na kuhakikisha sote tunajua. Alikuja na vyeti vyake kila siku, kana kwamba vingelia akiviacha nyumbani. Kwa Msomi hakuna aliyekuwa na macho mabovu. Babu mmoja alipita mistari yote bila kosa, kisha akauaga kwa heshima mwavuli uliotundikwa mlangoni.

"Babu ana macho ya tai," Msomi alisema, akaandika.

Wiki hiyo ilipatikana nafasi moja ya kozi ya wasaidizi wa macho.

"Nitampendekeza mmoja," daktari mkuu alituambia. "Cheti sitazami. Natazama jicho la kazi."

"Mdogo wangu, umesikia?" muuguzi alininong'oneza. "Au utaendelea kuinamia sakafu kama uliyeangusha pete?"

Kesho yake niliwahi, nikaliburuta benchi hadi koridoni. Kufikia saa nne, nusu ya wagonjwa walikuwa hawaoni vizuri. Maskini, macho yameharibika usiku mmoja! Daktari akapitia daftari, akatoka.

"Nani amehamisha benchi hili?"

Muuguzi, aliyeniona nikiliburuta, akanikanyaga mguu. Nikatazama ndoo. Hata yenyewe ilielekea kujibu kabla yangu.

"Ni mimi, daktari," Msomi akasema. "Niligundua wanakariri."

Kweli aligundua. Dakika ile ile.

Akaandikiwa barua ya kozi hapo hapo, akaitia kwenye plastiki ya vyeti, pamoja na ndugu zake.

"Wewe, adabu itakuua," muuguzi aliniambia tukikunja mashuka. Mpaka leo anawasimulia watu jinsi nilivyo na adabu.

Haikuwa adabu. Niliogopa daktari angeniuliza, mbele ya wagonjwa wote, nimeishia darasa la ngapi.

La tano, daktari. Benchi nililivuta mimi, na kazi ile naitaka.