Hema Chini ya Mkorosho

"Toka humo nikuone!"

Nilitoa kichwa hemani nikakutana na panga. Aliyelishika alikuwa mama wa makamo, kajifunga kanga kifuani. Hakuniangalia mimi, aliangalia rundo la korosho kando ya hema. Nilikuwa nimezikusanya mwenyewe jioni, zisije zikanichoma mgongo. Lo! Na nilijiona nadhifu.

Mwaka ule wa tisini na nne wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia Newala, na korosho ilikuwa na bei tena. Wenyeji walifagia chini ya mikorosho ili kila inayodondoka ionekane. Mgeni aliyekutwa na rundo alikuwa mwizi, basi, na mwizi angepigiwa yowe kijiji kizima. Mimi Mtaita kutoka Kenya ningejulia wapi? Niliona uwanja uliofagiwa, nikasema hapa ndipo.

Tangu nimzike mke wangu, Julia, nilikuwa naendesha baiskeli katika nchi ya watu na kulala vichakani kimyakimya. Majumbani wangeniuliza mke yuko wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Korosho zangu unazipeleka wapi?"

Nilimweleza kwamba nilizisogeza tu nipate pa kulala. Akapekua mkoba wangu wote, asikute hata moja.

"Nyumba yangu ile pale. Kwa nini hukupiga hodi?"

"Sikutaka kusumbua."

"Hukutaka kusumbua!" Alicheka kwa hasira. "Tangu magharibi nakusikia unakohoa. Bertila wangu kaolewa Masasi, baba yake yuko kaburini. Nimesimama nyuma ya mlango na panga hili mpaka kumekucha. Kumbe ni mgeni mwenye adabu zake!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kung'oa hema.

"Unakwenda wapi? Kaa barazani kwangu mpaka adhuhuri. Mtu akija, mwambie mwenyewe amelala."

Akanipa kikombe cha maji, na huko maji yalibebwa kichwani kupandishwa mlima kutoka bondeni. Kisha Mama Bertila akaingia ndani, akaliegemeza panga ukutani, mlango akauacha wazi. Hazikupita dakika tano nikamsikia anakoroma.

Julia naye alikuwa akikoroma. Miaka tisa nilimsukuma bega ageuke ubavu anyamaze, nikinung'unika kwamba kesho nina kazi.

Nikajikunyata pale barazani, machozi yakinichuruzika mchana kweupe, nikimwomba Mungu huyu mama asigeuke ubavu.