Makochi ya Rangi ya Maziwa

…na kidole cha Bwana Mukhwana bado kimetulia juu ya karatasi, pale pale penye jina lake, Nasambu, mkopo wa simu, miaka mitatu haujalipwa, "Mama, hii jina yako iko CRB, kwa orodha ya wasiolipa mikopo, hebu nielezee kwanza, kabla nikupatie hii kazi ya keshia," anasema kwa upole, upole unaouma kuliko matusi, maana nyuma yake, ng'ambo ya kioo, ameketi Winny, kitambulisho cha kampuni shingoni, kucha nyekundu, jina safi, safi kabisa, ilhali mkopo ulikuwa wake, yeye ndiye aliyekuja kwake Obunga na mvua akilia, "Dada, line yangu imekataa mkopo, nikopee na yako, ni ya mtihani tu," Nasambu akakopa, akamtumia zote, Winny akafaulu, akapata meza ile, akahamia Migosi, mtaa wa wenye mishahara, shukrani ya punda ni mateke, basi leo atamtaja, hapa hapa, aitwe, ainamishe kichwa, na kama huu ni wivu basi ni wivu, umemkaa tangu siku ile zamu ya chama, kile chao cha kuchangiana pesa kila mwezi, ilipokuwa ya Winny, wakaenda kwake wote, wakaketi kwenye makochi ya rangi ya maziwa, Rachael, mmoja wao, akiyapapasa, "Winny, umetoka kimaisha, aki," na hakuna aliyemtazama Nasambu, aliyejua hayo yote yameanzia wapi… "Mama?"… "Nakumbuka tu tarehe, bwana"… siku ile ile Winny alimfuata mlangoni, hapana, hilo lisije sasa, alimfuata mlangoni na hela ya chama aliyokuwa amekabidhiwa punde, akamtia bahasha mkononi, "Dada, ni yote, na riba iko ndani, lipa leo," na Nasambu angelipa, angelipa kweli, ila zamu ya mwezi uliofuata ilikuwa yake, wanawake wale wale, viti vyake vya plastiki, kimoja kimefungwa kamba, akampita ajenti wa pesa za simu, pale pa kulipia, kama hamjui, akaenda hadi Nyamasaria kwa fundi wa makochi, akataja rangi ya maziwa, ile ile, na siku ya zamu yake ilipofika hakuna aliyeyasifu, Rachael alikaa tu akauliza chai iko wapi… miaka miwili amesimulia habari hii bila bahasha, kwa majirani, kanisani, mpaka bahasha ikampotea hata yeye, na nani aliyempigia juzi kumwambia kazi ipo, njoo na vyeti, si huyo huyo… Winny anainua kichwa, anamwona, anatabasamu, anamwonyesha dole gumba, feni inazunguka, kidole cha Bwana Mukhwana hakijasogea, "Sasa, mama, hii deni ilikuwa ya nani?" na Nasambu anafungua mdomo, jina la Winny liko ulimini pale pale lilipokaa miaka yote miwili, na kwa mara ya kwanza anaona haya kulitamka.