Kufifia Si Kuwa Mbali

Mwaka 1998 Awuor alirudi nyumbani Asembo Bay, kando ya Ziwa Viktoria, kutoka Chuo Kikuu cha Maseno, alikokuwa akisomea shahada ya pili ya fizikia, akamkuta mama yake, Beldina, anaanika dagaa wa omena juu ya wavu mkuukuu.

"Wamama wa kanisa wananiuliza unasomea nini huko," Beldina alisema. "Nikiwaambia nyota, wananicheka. Hebu niambie vizuri, nyathina, mwanangu."

Awuor alifurahi mno, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Laiti angejua, angejibu tu kwamba anasomea ualimu. Akainama, akaanza kugeuza omena huku akieleza.

"Mama, kuna nyota zikilipuka zinatoa mwanga karibu sawa, kama karabai za wavuvi. Ikiwaka sana, tunasema iko karibu. Ikififia, iko mbali. Lakini mwanga ukipita kando ya makundi ya nyota, uzito wao unaupinda na kuukusanya, unatufikia na nguvu. Ukipita kwenye utupu mkubwa, hakuna cha kuukusanya. Unatawanyika, unafika hafifu, na sisi tunadhani nyota iko mbali kuliko ilivyo. Mimi natafuta tunakosea kiasi gani."

Ulimi hauna mfupa. Alipoinua macho alimwona mama yake amesimama wima, omena zinamdondoka mkononi, na hapo ndipo alipojua amesema nini.

Pale ufukweni kila mtu aliijua habari ya Opiyo, kaka yake Awuor. Miaka miwili nyuma, usiku akiwa anavua, upepo ulichafuka, na taa yake ikaonekana hafifu ziwani. Mvuvi mwenzake Dishon na wengine walikuwa wameshashika makasia wamfuate. Beldina ndiye aliyewazuia kwa kelele: yuko mbali mno, msiniongezee maiti za watoto wa watu. Asubuhi Opiyo alipatikana amekufa, amenaswa kwenye magugu maji karibu kabisa na ufuko, karabai yake imekauka mafuta. Watu wenye huruma walisema mawimbi ndiyo yaliyomrudisha kutoka mbali. Beldina aliyashika maneno hayo, akaishi nayo.

"Hayo ni ya nyota, Mama," Awuor alisema haraka. "Ziwani si hivyo." Uongo wenyewe hata mtoto asingeukubali.

Beldina hakulia. Aliyatazama maji, pale magugu yanapoanzia.

"Kumbe alikuwa hapo tu," alisema. "Alinisikia nikiwakataza."