Nondo Adimu

Mwalimu Gaudiosa wa Kaengesa alikuwa mtu wa Kiswahili sanifu, na usanifu huo ndio uliomponza.

Kwa miaka sita, kila Juni, alipanda milima ya Mbizi, baridi ikimng'ata masikio, kumfuatilia mdudu ambaye wataalamu walikiri hawajapata kumwona kwingine. Kiwavi wake hukaa miaka miwili chini ya mashina ya majani magumu ya kule juu, akila mizizi. Akikomaa, dume huota mbawa na kuruka mchana jua likichomoza mawinguni. Jike hapati mbawa. Hutembea hatua chache, humngoja dume, hutaga palepale alipozaliwa. Ndiyo maana walibaki kwenye mteremko mmoja tu, mdogo kuliko kiwanja cha mpira, na mwaka huu kitongoji kilitaka kuulima.

Gaudiosa akamwandikia barua mzee Adriano, mwenyekiti wa kitongoji. "Andika kipepeo," mwalimu mwenzake Emerensiana alimshauri. Wapi! Kipepeo ni kipepeo na nondo ni nondo, akajibu, akaandika: "Mteremkoni pana nondo adimu, chini ya majani. Naomba hifadhi ya kitongoji."

Alipopanda wiki mbili baadaye, mteremko mzima ulikuwa umefukuliwa. Mashina yalilala mizizi juu, kunguru wakidonoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Adriano aliegemea jembe. "Siku nne tumechimba, kitongoji kizima, tumefika kiunoni. Nondo hata moja! Na chumba tulishatenga, tukufungie, wezi wa vyuma chakavu wasije wakakuibia. Hivi ni za milimita kumi na mbili au kumi na sita?"

Gaudiosa akaketi kwenye udongo.

"Mzee, nondo ni mdudu."

"Mdudu?"

"Kama kipepeo."

Adriano akavua kofia. "Sasa mwalimu, si ungesema kipepeo? Kipepeo nani angemgusa?"

Hakumkasirikia mzee hata kidogo, alijichukia mwenyewe. Wakapiga magoti, wakachambua udongo donge kwa donge hadi alasiri, na Adriano ndiye aliyempata: jike mmoja, wa kijivu, mnene, hana mbawa.

Dume hakuonekana. Jua liliwaka siku tatu mfululizo na hakuna kilichoruka. Siku ya tatu, jike akiwa kiganjani mwa mzee, akaanza kutaga.

"Mayai, mwalimu! Mungu si Athumani! Yatatotoa lini?"

Jike asiyepata dume hutaga hivyo hivyo, na mayai hunyauka. Gaudiosa alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Akaitazama mikono ya mzee, imejaa malengelenge ya siku nne za kumchimbia kwa heshima.

"Mvua zikianza," akasema.

"Basi hapa halimi mtu tena," Adriano akasema, akachukua panga akaenda kukata miti ya uzio.