Dirisha la Wodi ya Watoto

Darasani walimwita binti huyo Miwani, maana vioo vyake vilikuwa vinene kama vitako vya chupa, na jina likamganda mpaka wahadhiri wakasahau lile la kwenye orodha. Mwaka wake wa mwisho wa uzamili alichagua kazi ambayo wenzake waliikimbia: kuzisoma picha za jarida la zamani la serikali, toka toleo la kwanza hadi lililotoka wiki Mkuu wa nchi alipoanguka madarakani. Miaka kumi na tisa ya kutabasamu. Wakulima wanatabasamu, askari wanatabasamu, wafungwa wanaochimba mfereji nao meno nje.

Profesa wake alimpa ushauri mmoja tu. "Ukichoka na sura, tazama mikono. Sura huwa inaagizwa. Mikono wanaisahau."

Basi kila asubuhi alikwenda kwenye stoo ya kiwanda cha zamani kilichokuwa kikilichapa jarida lile, chumba kirefu kilichonuka siki kwa sababu ya filamu zilizoanza kuoza. Mtunza stoo alikuwa mzee wa kikohozi na utani.

"Umekuja kuwajulia hali wafu wako?" humuuliza.

"Nimekuja, babu. Wamelalaje?"

"Wamelala wakicheka, kama walivyoamriwa."

Siku moja mzee alimburuzia kasha la bati lililojaa vipande vya filamu, negativu zenyewe, kila bahasha na tarehe yake. "Waliponiambia nichome, nilichoma makasha yaliyokuwa juu. Haya ya chini yalinishinda uzito. Usije ukaniandika shujaa, nakuomba."

Miwani alianza kulinganisha: picha iliyochapwa upande huu, negativu yake upande ule juu ya meza ya taa. Hivyo ndivyo alivyolifikia toleo lenye picha ya hospitali kwenye jalada. Wodi mpya ya watoto, shuka zinang'aa, mtoto mmoja mnene ameketi kitandani, na nesi kijana amesimama karibu naye ameshika chupa ya dripu. Chini wameandika: *Afya ya mtoto ni furaha ya Mkuu.* Nyuma ya nesi kuna dirisha, jeupe pe, kama karatasi isiyoandikwa.

Yule nesi alikuwa mama yake.

Kwanza alicheka peke yake, kwa furaha. Alijua mama aliwahi kuwa nesi, "kidogo, zamani", kabla hajakaa kwenye cherehani. Hakujua kwamba alipamba jalada. Kisha akakumbuka ushauri wa profesa, akashuka kwenye mikono. Mkono wa kulia umeshika chupa. Wa kushoto umelikamata gauni ubavuni, umekunja ngumi, kama mtu anayejizuia kuanguka.

Akaweka negativu juu ya taa, akainamisha kioo cha kukuzia. Humo dirisha halikuwa jeupe. Lilionyesha ua wa nyuma, na ukuta, na chini ya ukuta mikeka imepangwa. Juu ya mikeka kulikuwa na watu wadogo wamelala. Alihesabu kumi na wanne. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Walipaka rangi dirisha, babu."

Mzee alisogea, akachungulia, akakohoa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Kulikuwa na fundi wa brashi ghorofa ya pili," alisema mwishowe. "Kazi yake ilikuwa safi sana." Siku hiyo hakutania tena.

Jioni mama alikuwa anapinda suruali ya mteja pale Miwani alipoiweka mezani nakala aliyoisafisha kutoka kwenye negativu. Hakuuliza imetoka wapi. Alisimamisha cherehani kwa kiganja, akaitazama, kisha akaigeuza kifudifudi.

"Umeliona dirisha."

"Nimeliona, mama."

Alisimulia bila kulia, macho kwenye sindano. Wodi ilikuwa imejaa surua, wawili wawili kitandani. Asubuhi ya ziara ya Mkuu, mganga mkuu alitoa amri: wazazi wote nje ya geti, wagonjwa wapelekwe ua wa nyuma, nusu saa tu, Mkuu asione vipele. Yule mtoto mnene alikuwa wa mkuu wa wilaya na hakuwa anaumwa hata mafua.

"Saa mbili tukawatoa. Nilibeba kwa mikono yangu hii, mmoja bega hili, mmoja bega hili. Saa tano mvua ikashuka. Mkuu alifika saa tisa."

"Mvua, na hamkuwarudisha ndani?"

"Mlango ulikuwa na askari, mwanangu. Nilimwomba. Akaniambia nikitaka nikalale nao." Akanyoosha mshono kwa kidole. "Mpiga picha aliwaona. Alinitazama mimi, akatazama dirisha, akasema taratibu tu, 'Dada, sogea kushoto kidogo.' Nikasogea. Lakini sikuwa na mwili wa kuziba dirisha zima."

Wiki ile walikufa watatu. Mwezi uliofuata mama aliacha kazi. "Huenda wangekufa tu. Surua ile ilikuwa kali. Ndivyo nilivyojiambia miaka thelathini." Alikata uzi kwa meno. "Wa tatu alikuwa wa Mama Pacha."

Mama Pacha alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mkubwa kwa mama kwa miaka michache, na ndiye aliyempokea Miwani siku alipozaliwa. Waliazimana chumvi, waliuguzana, walisukana. Watu walimwita Mama Pacha ingawa alikuwa na binti mmoja tu. Mwingine, wa kiume, alichukuliwa na surua. Basi. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

"Anajua?"

"Anajua nilikuwa nesi. Aliniambia, 'Najua ulifanya uwezavyo, mdogo wangu.' Mimi nikaitikia asante. Unasikia? Nikaitikia asante."

Miwani alikusanya karatasi zake. "Nitaiacha. Nina picha elfu nyingine. Hakuna atakayejua."

"Hapana," mama alisema. "Nimesogea mara moja, inatosha. Ila Mama Pacha asiisome kitabuni. Nitamwambia mwenyewe."

Kesho yake jioni, jua bado lipo, waliingia kwa Mama Pacha wote wawili. Alikuwa anachambua mchele, akawasogezea viti kwa mguu huku akicheka: "Leo mmekuja kama washenga. Mnamtaka binti yangu nini?" Mama hakukaa. Alizungumza amesimama, toka mwanzo hadi mwisho: geti, ua, mvua, saa tisa, kushoto. Vidole vya Mama Pacha viliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja, jingine, mpaka hayakuwepo tena, navyo vikaendelea kutafuta.

"Mimi nilikuwa getini," alisema hatimaye. "Nilikuwa getini na bendera ya karatasi. Walitugawia bendera tupunge." Akamgeukia Miwani. "Hiyo picha unayo?"

"Ninayo, ma'mkubwa. Lakini ni ndogo sana, haionekani vizuri..."

"Nipe na hicho kioo chako."

Aliisogeza picha mlangoni kwenye mwanga. Alipita mkeka kwa mkeka, midomo ikicheza kama anayesoma. Kwenye wa tisa alisimama.

"Huyu. Nilimfunga kitambaa changu kichwani, masikio yalikuwa yakimuuma. Nilimfunga fundo pembeni. Lile pale."

Miwani aliinama. Aliona doa jeusi juu ya doa la kijivu. "Ndiyo, ma'mkubwa," alisema, ingawa hakuliona fundo.

"Sina picha yake hata moja. Watu huniambia mtazame dada yake, utakuwa umemwona. Siyo. Huyu alikuwa na kichwa chake mwenyewe." Akaweka kioo chini. "Nikuzie. Yeye peke yake. Hao wengine wana mama zao."

Mama alipiga hatua mbele. "Dada..."

"Wewe nenda nyumbani kwako," Mama Pacha alisema, bila kupandisha sauti. "Binti yako atarudi. Wewe usirudi."

Miwani alimkuzia. Ilitoka chembechembe tupu, kichwa cha mtoto kama kimetengenezwa kwa mchanga, lakini Mama Pacha aliipokea kwa mikono miwili na kuingia nayo ndani. Hakushukuru.

Tasnifu ilipita. Wasahihishaji walisifu sura ya tatu, kuhusu madirisha yaliyopakwa rangi, na mmoja akashauri ichapwe. Kwenye ukurasa wa jalada lile, Miwani aliandika jina la mama yake kamili na cheo alichokuwa nacho, kama mama alivyotaka.

Nyumbani, mama huamka mapema, hufagia upande wao na upande wa jirani. Akimaliza husimama karibu na ukuta na kusema, "Umeamkaje, dada?" Upande wa pili sufuria huwekwa jikoni, maji humiminwa. Mama husubiri kidogo, halafu huingia ndani kwenye cherehani.