Swali la Mwenye Hisa Mia Moja

Hisa zangu za kwanza maishani zilikuwa mia moja, za kiwanda cha sabuni. Miezi minne baadaye nikaalikwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Mdogo wa mume wangu akacheka. "Unakwenda kufanya nini huko, shemeji? Kula biskuti?"

Nilikwenda na ripoti ya kiwanda, niliyoisoma yote jikoni. Wakati wa maswali nikasimama. "Faida imeshuka, na sisi mmetuambia tufunge mikanda, mwaka huu hakuna gawio. Mbona posho za wakurugenzi zimepanda?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Kwani mama una hisa ngapi?"

"Mia moja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akamnyooshea kidole mtu aliyekuwa nyuma yangu. "Swali linalofuata."

"Langu halijajibiwa," nikasema, kipaza sauti nimekikamata. "Mwenye hisa mia naye ni mwenye mali. Nyinyi tumewaajiri, na mimi sikai."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akaacha kucheka. "Mjibuni!" Wengine wakadakia. Mwenyekiti akafungua ripoti, akaanza kupekua.

"Ukurasa wa arobaini na mbili," nikamwambia.